Madaftari Niliyoagiza Yachomwe

Ornella alifunga kufuli kwa nje, akalivuta mara mbili kuhakikisha limeshika, kisha nikasikia hatua zake zikienda.

Mimi nilikuwa ndani. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwake.

Nilipompigia saa nne, simu yake ilikuwa imezimwa. Saa sita, imezimwa. Saa nane... imezimwa.

Mnaonisoma, nitawapa mambo kwa mpangilio wake, kwa kuwa mimi ni mtu wa ushahidi. Ninawaomba kitu kimoja: msimhukumu mtu kabla hamjafika mwisho. Mimi nilimhukumu kabla ya saa tisa.

Naitwa Agar. Ni assistante, yaani mhadhiri msaidizi, wa biolojia ya mimea Butembo. Kituo chetu cha utafiti kina ofisi moja katika mji wa Beni, commune ya Beu: chumba kimoja, mlango wa chuma, dirisha lenye nondo, paneli ya jua juu ya bati. Nilishuka kutoka Butembo siku mbili kabla, kwa sababu intaneti ya pale haikatiki ovyo.

Nilikuwa naomba nafasi kwenye mafunzo ya kimataifa ya wanasayansi vijana. Wiki sita za kiangazi, Ureno, magonjwa ya mimea, kila kitu kimelipwa. Nafasi ishirini kwa dunia nzima. Mwisho wa umri ni miaka thelathini na miwili, na mimi nilikuwa nayo kamili.

Maombi yalifungwa siku ile, saa kumi na mbili jioni. Kwangu hapakuwa na mwaka mwingine.

Na siku ile ilikuwa ville morte.

Kwa msiojua, ni mgomo wa mji mzima: maduka yanafungwa, pikipiki hazitembei, vijana wanakaa kwenye kona na mawe. Ofisi inayoonekana wazi inavunjwa. Kwa hiyo mwenye kazi ya haraka anaingia, mwenzake anafunga kwa nje, na mlango unaonekana hauna mtu.

Ornella ni technicienne wetu, mfanyakazi wa kukusanya data shambani. Alinifungia saa mbili asubuhi. Tulikubaliana anifungulie saa sita. Aliniachia ndoo, chupa ya maji na mikate miwili.

Hatua tatu za kwanza za fomu nilizimaliza saa tatu na nusu. Ya nne ikanisimamisha.

Ilitaka picha za madaftari ya shambani. Si nakala. Kurasa zenyewe, zilivyoandikwa siku ileile, pamoja na makosa yake.

Sisi tuliosoma shule za kwetu tumefundishwa jambo moja tangu utoto. Kwanza unaandika brouillon, rasimu ya haraka. Kisha unanakili “au propre”, yaani kwa usafi, mistari kwa rula, vichwa kwa wino mwekundu. Mwalimu anasahihisha ile safi. Brouillon inakwenda kuwasha makaa.

Kwa miaka miwili Ornella alihesabu migomba iliyonyauka kwenye mashamba ya Vuhovi. Kwa miaka miwili mimi nilinakili “au propre”. Nilikuwa na madaftari mawili yasiyo na hata herufi moja iliyofutwa.

Brouillons zilikuwa sita. Mwezi wa kumi na mbili nilimwambia Ornella azichome.

Sikuwa na njia nyingine. Nikapiga picha yale madaftari masafi. Kabla ya kuyapokea, fomu ikaleta kisanduku:

*Nathibitisha kwamba kurasa hizi niliziandika mimi mwenyewe, shambani, kwa tarehe zilizoonyeshwa.*

Nilikuwa nimefika Vuhovi mara mbili. Njia ilipoanza kuwa mbaya nilibaki Butembo, na Ornella akaendelea kwenda.

Halafu zile kurasa zenyewe zilinisaliti. Mtaalamu yeyote angeona kwamba hakuna anayeandika kwa rula katikati ya migomba.

Nilifungua droo ya Ornella, nikitumaini ukurasa mmoja umebaki. Hapakuwa na ukurasa. Palikuwa na karatasi iliyochapwa: tangazo la mafunzo yaleyale. Mstari mmoja ulikuwa umepigwa kalamu chini yake. Pembeni, kwa penseli, jina lake kamili.

Nikapanga ushahidi. Anajua mafunzo haya. Ameandika jina lake juu ya tangazo. Amenifungia na kuzima simu siku ya mwisho.

Hitimisho lilikuwa moja tu... Ornella anaomba nafasi yangu.

Nilimpigia chef Zorobabel, mkuu wa kituo, aliyekuwa kwake Butembo. Nikamweleza yote kwa kifupi. Alikuwa anakula, nilisikia sahani. Hakushangaa. Alisema Ornella tutamshughulikia Jumatatu, nisipoteze muda. Niweke alama kwenye kisanduku, nitume.

Nikamwambia kisanduku kinauliza nani aliandika shambani.

"Ma fille, technicienne anabeba cahier. Auteur, mwandishi, ni weye," akasema. "Na kama unaogopa, basi baki Beni na kisanduku yako."

Akakata.

Kuanzia saa tisa bati lilikuwa linachemka. Nguo zilinishika mwilini. Maji yalibaki vidole viwili, na ile ndoo nilikuwa nimeisukuma kona ya mbali, lakini chumba cha mita tatu hakina kona ya mbali.

Kisha vijana walipita. Walikuwa wanne au watano, nilihesabu kwa sauti. Mmoja akashika kufuli, akalitikisa. Nilifunika skrini kwa kitambaa na kuacha kupumua. Mwenzake akasema kwa Lingala kwamba humu hakuna mtu. Jiwe moja likagonga mlango, la mazoea tu, halafu wakasogea hadi kwenye kona na kukaa hapo.

Sasa hata Ornella angerudi asingeweza kufungua. Na mimi nisingeweza kuita.

Saa kumi na dakika arobaini kitu kilikwaruza chini ya mlango.

"Assistante. Uko?"

Nililala kifudifudi kwenye saruji. Kulikuwa na nafasi ya vidole vitatu kati ya chuma na sakafu. Niliona goti lake, lenye vumbi jekundu.

"Ulikuwa wapi?"

"Commune Ruwenzori, ku nyumba ya maman mukubwa. Niliendaka na miguu, nikarudia njia ya nyuma. Simu ilikufa tangu asubui, courant hakuna." Alikuwa anahema. "Hapana paza sauti. Banaangaliaka huku."

"Fungua."

"Siwezi. Bakiona kufuli inafunguka, batavunja yote. Chukua kwanza hivi."

Daftari moja likapita chini ya mlango. Lilikuwa limevimba kwa unyevu, jalada limeshonwa kwa uzi. La pili. La tatu. Yalipita yote sita.

Brouillons.

"Nilikuambia uzichome," nikasema.

"Uliniambia."

"Na hukuchoma."

"Weye ulikuwa na yako ya muzuri. Hizi ni mwandiko yangu. Nilizificha ndani ya valise ya maman mukubwa."

Nikamuuliza alijuaje kwamba zinahitajika. Akajibu taratibu, kama mtu anayeogopa kumwaibisha mkubwa wake. Alisema alichapa tangazo Jumamosi akalisoma lote, ule mstari wa kurasa za shambani akaupigia kalamu. Alidhani nimeuona. Asubuhi, nilipomwonyesha madaftari yangu masafi kwa fahari, ndipo alipoelewa kwamba sikuusoma.

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Ungeniuliza kama sikuchoma juu ya nini. Nilisema niende mbio, nirudi mbele ya saa sita. Njia ya mbele ilikuwa na majiwe."

Ilibaki karatasi ya droo. Nikamuuliza kuhusu jina lake la penseli.

Goti likasogea.

"Nilitaka tu kuona jina yangu inakaa aje pale," akasema.

Hakuniomba kitu. Naliandika hili kwa makusudi, kwa sababu ningependa kuwaambia kwamba alinibana, kwamba aliweka masharti. Hapana. Aliniambia nipige picha upesi, muda unakwisha, yeye anajificha nyuma ya choo cha jirani mpaka vijana watakapoondoka.

Nikapiga picha. Kurasa tisini na nne. Udongo, matone ya mvua, kalamu tatu tofauti, hesabu zilizofutwa na kurudiwa. Hakuna mahali popote mwandiko wangu.

Kisanduku kilikuwa kinaningoja.

Chini yake kulikuwa na nafasi ya maelezo. Maneno mia. Ningeweza kuandika: aliyeandika ni Ornella. Nilijua pia kanuni, maana hiyo niliisoma vizuri: mwombaji lazima awe ndiye aliyekusanya data zake. Ukweli ungenitoa nje kabla sijatathminiwa.

Saa kumi na moja na dakika hamsini na mbili...

Niliweka alama. Mimi mwenyewe, shambani, kwa tarehe zilizoonyeshwa.

Nikatuma.

Ornella alinifungulia giza lilipoanza kuingia. Alinunua maji mahali, sijui wapi siku kama ile. Aliniuliza kama imepita. Nikasema imepita. Akatabasamu, akaanza kumwaga ndoo yangu.

Mlidhani msaliti alikuwa nje ya mlango. Hata mimi nilidhani hivyo kwa saa kadhaa.

Wiki tatu baadaye waliniita kwenye mahojiano ya video. Nilikuwa Butembo, shati limepigwa pasi, mgongo umenyooka. Mama mmoja wa jopo, mwenye nywele nyeupe, alianza kwa kusifu madaftari. Alizungumza Kifaransa cha polepole. Kisha akaonyesha ukurasa mmoja kwenye skrini.

Tarehe kumi na nne Machi, shamba la saba. Migomba arobaini mizima, imefutwa. Ishirini na tisa, kwa kalamu nyingine. Akasema ndilo badiliko lililomvutia kuliko yote katika maombi ya mwaka huu. Ningependa, akasema, utueleze ulichokiona asubuhi ile.

Kwenye daftari langu safi, shamba la saba lina ishirini na tisa. Kile kilichofutwa nilikiruka miaka miwili iliyopita. Sikukiuliza.

Ningeweza kubuni. Mvua, hesabu mbaya, mwenye shamba mkorofi. Kila jibu lingekuwa na swali la pili nyuma yake, na nyuma ya hilo jingine. Nilijiona nimefungiwa tena, na safari hii hapakuwa na mtu wa kunipitishia kitu chini ya mlango.

"Sijui," nikasema. "Sikuwapo. Aliyeandika anaitwa Ornella."

Yule mama hakukasirika. Aliandika kitu, akanishukuru, mahojiano yakaisha. Yalidumu dakika sita.

Barua ilikuja baada ya siku nne. Faili langu limefungwa kwa tamko la uongo. Waliuliza habari za Ornella, nikawapa zote. Wakajibu kwamba wanadai licence, digrii kamili, na Ornella ana graduat, ya miaka mitatu tu. Nafasi ilikwenda kwa mtu wa nchi nyingine. Hakuna aliyekwenda Ureno, si yeye, si mimi.

Chef Zorobabel aliniambia ningejibu lolote, Wazungu hawajui Vuhovi.

Nilipanda Vuhovi kumwambia Ornella. Nilimkuta kwenye shamba la saba, panga mkononi, akilipitisha motoni kuua ugonjwa kabla ya kugusa mgomba mwingine. Nilimweleza bila kupamba: nilichotia alama, nilichoulizwa, nilichojibu.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia ilivyokuwa. Mwenye shamba ni mjane. Aliogopa wangemkatia migomba yote, basi kwenye kumi na mmoja iliyougua alifunika dalili kwa majani makavu, ionekane mizima. Ornella alihesabu arobaini. Usiku hakulala vizuri, kesho yake alfajiri akarudi, akakaa na yule mama mpaka akamwonyesha mwenyewe.

Ilikuwa habari ya dakika mbili.

"Ungeniuliza tu," akasema.

Nilimwambia barua ina mstari mmoja juu ya madaftari. Akaomba nimsomee. Nikasoma: kwamba jopo halijaona kumbukumbu ya shambani iliyo makini namna hiyo, na lingependa mwandishi wake alijue hilo. Akauliza kama nimesoma vizuri. Nikasoma mara ya pili.

"Basi balisoma," akasema, akarudi kwenye mgomba.

Mimi bado ni mtu wa ushahidi. Siku ile mezani nilikuwa na ushahidi kurasa tisini na nne, na wote ulisema jina moja. Sikukosa ukweli. Nilikosa faida ndani yake.

Makala ya utafiti wetu tumeituma mwezi uliopita. Jina lake ndilo la kwanza. Chef hakutia sahihi, tukaituma bila yeye.

Kama kuna mtu anayekuendea shambani, au sokoni, au popote usipopenda kufika, mwite leo. Muulize alichokiona. Na unapoandika, mwandike.