Mama Simu Naye Anaumwa

Fundi cherehani alimaliza kola ya shati, akasimama, akajinyoosha. Mgongo ulikuwa unamuuma kwa miaka sasa. Alipimwa, akapewa dawa, akafundishwa mazoezi. Nafuu aliipata, lakini maumivu yenyewe yalikaa kwake kama mgeni asiyejua kuaga.

Kilichompa nguvu ni kikundi. Kila Jumamosi, watu wenye maumivu ya muda mrefu walikutana katika chumba nyuma ya duka la dawa. Hakuna aliyelipwa. Huko hakuna aliyemwambia, "Mbona unaonekana mzima?" Na siku nyingine, ukizidiwa, ulimpigia simu mwanzilishi wa kikundi, mama mwenye ugonjwa wa viungo. Alipokea akiwa jikoni, alipokea akiwa sokoni. Wakamwita Mama Simu.

"Mnakwenda kulia kwa zamu," mume wa fundi, seremala, alipenda kumtania.

"Bora huko kuliko kukununia wewe hapa," fundi alijibu.

Jumamosi moja walikuta mlango umefungwa. Mama Simu hakupokea simu. Fundi akaenda nyumbani kwake. Alimkuta kitandani, vidole vimevimba, kikombe tu kinamshinda kushika.

"Tangu lini, dada?"

"Mwezi mzima."

"Na hukusema? Wewe unayetukataza kuficha!"

"Ningemwambia nani? Kila aliyepiga alikuwa na lake." Mama Simu alifuta machozi kwa mkono wa gauni. "Nakifunga kikundi, mdogo wangu. Siwezi tena."

Fundi aliona aibu. Kila Jumamosi alimtazama mwenzake akipanga viti, naye akamwona mzima. Kweli, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Tena aliogopa. Bila kikundi angebaki na mgongo wake na cherehani yake, basi.

"Usifunge kwanza," alisema. "Nipe wiki moja."

Jumamosi iliyofuata alimleta mtaalamu wa mazoezi ya viungo kutoka kituo cha afya. Mama Simu naye alikuja, polepole, ameshikwa mkono.

"Nani hupanga viti?" mtaalamu aliuliza.

Wote wakamtazama Mama Simu.

"Nani hupokea simu?"

Wakamtazama tena.

"Basi hiki si kikundi. Huyu ni mtu mmoja na wageni wake."

Walicheka.

"Mwenye maumivu ya kudumu asifanye kazi mpaka maumivu yamwangushe," mtaalamu aliendelea. "Apumzike kabla hajazidiwa. Kujitolea nako ni kazi. Igaweni vipande vidogo. Mazito wabebe ndugu wazima."

Macho yote yakamgeukia seremala, aliyekuwa amemsindikiza mkewe.

"Haya, viti nitabeba mimi," alisema. "Ila zamu ya kulia msinipe."

"Na simu?" fundi aliuliza. "Mimi si daktari."

"Wala hutakiwi kuwa. Sikiliza tu. Usimpe mtu dawa zako. Akisema miguu imekufa ganzi ghafla, au anashindwa kuzuia mkojo, mwambie aende hospitali papo hapo. Zamu yako ikiisha, mpe mwenzako simu, upumzike."

Wakatafuta simu moja ya kikundi. Ikawa inapita mkono kwa mkono, kila mtu na siku yake. Mama Simu alipewa Alhamisi tu. Alinung'unika kidogo, akakubali.

Jumanne ilikuwa zamu ya fundi. Alikuwa anatia vifungo simu ilipoita.

"Kikundi hapa. Nakusikiliza."

Ikajibu sauti aliyoijua vizuri.

"Ni mimi. Leo mikono inauma sana. Sina swali. Nimetaka tu kumwambia mtu."

Ilikuwa mara ya kwanza kwa Mama Simu kupiga. Fundi aliweka shati pembeni, akaegemeza mgongo wake kwenye kiti.

"Sema, dada," alimwambia. "Leo zamu ni yangu."