Talaka Mbele ya Televisheni

"Nimesema nini sasa hivi?" Tunu alimuuliza mumewe.

"Si umesema... sukari imekwisha?" Mudathir alijibu, macho yake yameganda kwenye televisheni.

Sukari! Miaka sita ya ndoa bila mtoto, Alhamisi Tunu katoka kliniki na habari ya mimba, na mpaka leo Jumapili hajapata dakika tano za mumewe. Tangu televisheni iingie nyumba hii ya Tandika, ya kwanza mtaa mzima, sebule haikuwa yake tena. Siku hiyo walijazana wanaume tisa kutazama mpira wa Ulaya, Mzee Mfaume, mwalimu wa madrasa, akiwa kiti cha mbele.

"Nitazame basi, Mudathir."

"Kona hii, Tunu! Baadaye."

"Baadaye ya lini? Mie naongea na ukuta?"

"Aa, punguza sauti, hatumsikii mtangazaji."

Hasira zikampanda. Alitaka tu ashtuke, ageuke, amwone.

"Kama hunitaki, nipe talaka yangu!"

"Nimekupa."

"Moja?"

"Zote tatu! Haya, nyamaza tuone mpira."

Mpira hakuuona mtu. Mzee Mfaume aliweka kikombe chake chini taratibu.

"Mudathir, umemwacha mkeo."

"Nani? Mie?"

"Sote tumesikia."

"Mzee, sikuwa nasikiliza! Wallahi nilikuwa natazama mpira!"

"Na huo ndio utetezi wako?"

Mudathir aliruka akazima televisheni. Wanaume wote waligeuka kumtazama Tunu, na mumewe naye, kama alivyotamani siku zote zile.

"Nina mimba," alisema.

Mudathir alikaa chini sakafuni akalia mbele za watu.

Walikwenda kwa masheikh watatu, jibu likawa lile lile: talaka tatu hazina kurejeana. Tunu alirudi kwa mama yake Kigamboni kukaa eda hadi ajifungue. Alimlaumu Mudathir, lakini zaidi alijilaumu mwenyewe. Kumtisha alimtisha, sawa, ila idadi aliiulizia nini?

Mtoto wa kike alipotimiza siku arobaini, Mudathir alifika.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kaa hapo barazani, mie nipo."

Mudathir alimuuliza Tunu uchungu ulianza saa ngapi, nani alimshika mkono, mtoto analalaje. Tunu akajibu, naye akasikiliza kila neno, akauliza tena. Miaka yote sita hawakuwahi kuzungumza hivyo, na Tunu alijikuta akicheka, kisha akaumia kwa kucheka kwake.

"Siku ile kliniki," alianza, "nilitoka mbio..."

Mama yake alisimama akambeba mjukuu wake.

"Mudathir, inatosha. Nenda, baba."

"Ngoja mama, bado hajamaliza."

"Atammalizia mumewe. Posa tumeipokea jana."