Malori ya Ijumaa

Chevrolet nyeusi ya mizigo ilikata kona ya Lusangi bila breki. Bulaimu aliifuata kwa pikipiki ya Saroléa, mdomo umejaa vumbi.

Amri ya redio asubuhi hiyo ya mwaka 1953 ilikuwa fupi. "Barabara ya Kabambare inaamuliwa leo. Hesabu zina uongo. Mtafute mwongo. Mwisho."

Mwongo! Bulaimu, jasusi wa serikali, hakujua aanze na yupi.

Mhandisi André alikuwa amelinganisha njia mbili kutoka Kasongo: ya Lusangi na ya Wamaza. Gharama huku, faida kule. Magari yakipita mengi, faida inapanda. Lusangi ikashinda kwa wingi wa malori yaliyohesabiwa, hata ya Ijumaa adhuhuri. Upuuzi mtupu. Saa hiyo madereva wa Kasongo wako msikitini.

Ilimuuma zaidi kwa sababu Wamaza ni kwao. Dada yake Pascaline na wenzake wangeswagwa kwa kiboko kulima barabara ya Lusangi, mpunga wao ukiozea shambani.

Aliipita Chevrolet, akaziba njia, akachomoa bastola ya Browning.

Dereva Kasimu alishuka mikono juu. Nyuma hapakuwa na hata gunia.

"Unabeba nini?"

"Hakuna kitu, muzee. Tunazunguka tu, karani anahesabu kila mara. Bwana Grégoire, mwenye malori, anataka barabara ifike kwa zahabu yake ya magendo."

"Na Ijumaa?"

"Nilimwambia watu iko wanasali. Akanicheka."

Miaka yote Grégoire aliishi Kasongo, wala hakujisumbua kujua watu wanasali lini. Kichwa kikubwa, akili ya kuku.

Bulaimu alimkuta ofisini kwa André, wakinywa whisky ya Grégoire. Mfanya magendo alipeleka mkono mfukoni. Kitako cha Browning kiliuwahi. Pingu zikafuata.

André alifuta malori hewa. Wamaza ikashinda.

"Kazi ya watu nimeandika bure," alisema. "Ni desturi."

"Andika mushahara."

"Faida itapunguka."

"Ipunguke. Malori ya Wamaza iko ya kweli, itashinda tu. Na watalima mavuno ikiisha. Ao niambie mukubwa wako ile whisky ni ya nani?"

Mhandisi aliandika. Bulaimu alisimama juu yake mpaka akatia sahihi.

Kisha akapiga Saroléa teke, akashika njia ya Wamaza kumwambia Pascaline avune kwa raha zake.