Maneno ya Mama Nzige

Upepo wa Kahama haukuwa na adabu Jumamosi ile ya mwaka hamsini na nne. Ulifunua kanga za watu sokoni Nyasubi, ukamwaga dagaa wa watu, na mwisho ukalipasua shuka la kuonyeshea picha la gari la sinema kutoka juu hadi katikati, mchana kweupe, kabla hata halijamaliza kutundikwa.

Theonest, mkalimani wa gari hilo, alilikumbatia akakimbia nalo kama mtu aliyeokoa mtoto motoni. Alivaa viatu vyeupe na tai nyekundu, na alikuwa na sauti kubwa ambayo kwao Bukoba walishusha pumzi ilipoondoka. Akasimama kwenye baraza la duka la Kasamali, mbele ya cherehani.

“Fundi yuko wapi, dada?”

“Unamwona.”

“Namwona msichana mzuri. Mimi namtafuta fundi.”

“Msichana mzuri kaenda kuoga. Fundi ndiye huyu. Lete shuka lako, au kaa hapo ulilie.”

Huyo alikuwa Limi binti Maganga, gauni la kahawia lenye kola nyeupe, sindano mbili zimechomekwa kifuani kama nishani za vita. Alilipitisha shuka chini ya sindano bila kumtazama tena yule kijana.

“Mshono utaonekana?” Theonest akauliza.

“Utapita katikati ya uso wa kila mtu wa sinema yako. Watauzoea. Nani hana kovu?”

Theonest alicheka, kisha akakaa kwenye gunia la mpunga. Hakuinuka mpaka Bwana wa Sinema, Mzungu mwenye magari na hasira, alipopiga honi mara tatu.

Tangu siku hiyo, kila gari la sinema lilipopita Kahama, tai nyekundu ilionekana barazani. Mwanaima, aliyekuwa akikaanga maandazi pembeni, alimwita Bwana Shuka.

“Bwana Shuka, leo kimechanika nini?”

“Moyo, Mama Maandazi.”

“Huo Limi haushoni. Upeleke hospitali.”

Lakini Limi aliushona. Mshenga alikwenda kwa mzee Maganga, na mzee akasema kijana mwenye kazi inayoeleweka aje baada ya mavuno.

Alasiri moja, mvua ikipiga bati, Theonest alimwuliza mchumba wake kwa nini hataji mama yake. Limi alisimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja.

“Nilikuwa na miaka tisa. Nzige walikuja saa nne asubuhi, jua likawa kama la jioni. Mama alichukua debe akaingia shambani, anapiga, anakimbia, anawalilia: ‘Ondokeni, hapa kuna watoto!’ Anawaambia wadudu, Theo, kana kwamba wanasikia. Alipiga mpaka debe likatoboka. Jioni mtama ulikuwa vijiti. Mdogo wangu alikufa kabla ya mvua. Mama alikuwa akinipa sehemu yake na kusema ameshiba.” Akaanza tena kushona. “Sijamwambia mtu mwingine. Usinirudishe tena hapo.”

Theonest alimshika mkono. Huko kwao kulikuwa na migomba. Njaa ya namna hiyo alikuwa akiisikia tu, kama mtu anavyosikia habari za theluji.

Mwezi uliofuata ikaja filamu mpya, ya kuchorwa, ya kufurahisha wazazi na watoto. Ilikuwa na familia ya nzige: baba mwenye kofia, mama mwenye aproni, na kitoto kinachojikwaa kila kikiruka. Rangi zake zilikuwa tamu kama peremende. Sauti yake ya Kizungu ilizimwa, Theonest akaitungia maneno ya Kiswahili kwenye kipaza sauti.

Shinyanga hawakucheka. Watu walikaa kama wako msibani, na mzee mmoja akauliza kwa sauti, “Mbona hakuna anayewapiga?” Mwingine akataka kujua nani aliyemshonea nzige aproni wakati mkewe hana. Bwana wa Sinema aliandika yote kwenye daftari, kisha akamgeukia mkalimani.

“Kahama wasipocheka, nitatafuta mdomo mwingine.”

Theonest aliutafuta mdomo huo njia nzima. Akaupata.

Kahama, jua lilipotua tu, uwanja ulijaa. Limi alisimama mbele, karibu na shuka alilolishona mwenyewe. Kwenye picha, mkulima akatokea na kijinga cha moto kuifukuza ile familia. Mama nzige akakumbatia kitoto chake, mshono wa Limi ukimpita katikati ya uso, na sauti ya Theonest ikalia kwa kutetemeka, kwa madaha: “Ondokeni, hapa kuna watoto!”

Vijana walianguka kwa kicheko. Akarudia mara mbili zaidi. Wazee walitazamana. Alipowasha taa akimtafuta Limi amwone anavyong'aa, pale aliposimama Limi palikuwa na ukanda mmoja wa ndara uliokatika.

Asubuhi alikuja barazani akipiga mluzi.

“Mpenzi, uliwasikia? Mama yako amewachekesha watu mia tano!”

Limi alikata uzi kwa meno. “Rudia hilo.”

“Nimemtukuza, Limi. Yale maneno yalikuwa mazuri mno kukaa ndani.”

“Maneno yake umempa nani, Theo? Umempa nzige! Yule yule aliyetula!”

“Ni picha tu...”

“Nenda. Usiniletee hata shuka la kuzikia.”

Akaenda, akidhani ni hasira za siku mbili. Mimi ninayesimulia nawajua wanaume wa namna hiyo. Nilikuwa mmoja wao.

Limi alikuwa amesoma kwa masista, na mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko hasira yake. Alipeleka barua gazetini, nayo ikachapwa: “Filamu hii imechorwa kwa ustadi, na mwenye kuichora hakuwahi kulala njaa. Anatuomba tumhurumie mdudu. Tungeweza, kama mkalimani asingemvisha kilio cha wafu wetu. Limi binti Maganga, mshonaji, Nyasubi.”

Wiki iliyofuata simu ya Kasamali ililia. Kasamali alimwita Limi, kisha akajifanya anapanga viberiti karibu na sikio lake.

“Limi, niko Mwanza. Umeniua.”

“Sikuandika jina lako.”

“Mkalimani ni mmoja tu! Mkubwa wa Bwana anakuja Nyarugusu, kwenye machimbo ya dhahabu, Jumamosi kutazama mwenyewe. Wachimbaji wakicheka, barua yako ni kelele za mwanamke mmoja. Wasipocheka, sina kazi. Na Bwana anataka maneno yale yale, kwa sababu ndiyo yaliyochekesha. Bila kazi, baba yako hanipi mke. Ulitaka nifukuzwe?”

“Nilitaka unyamaze,” Limi akasema, akairudisha simu mahali pake.

“Mwanaume analia?” Kasamali akauliza.

“Panga viberiti, Bwana.”

Jumamosi, Limi na Mwanaima walipanda lori la mpunga hadi Nyarugusu. Mwanaima alisema anafuata soko la maandazi. Limi hakusema anafuata nini.

Wachimbaji walikuwa wamekaa chini, weupe kwa vumbi la mawe, wengine wakikohoa kabla hata ya picha. Mkubwa alikaa kwenye kiti cha turubai. Theonest alifanya kazi yake: akamkoromesha baba nzige, akakifanyia kitoto kigugumizi, watu wakaanza kutabasamu. Mkulima akatokea na kijinga cha moto. Mama nzige akafungua mdomo.

Kipaza sauti kilikuwa kimya.

“Sema!” Bwana wa Sinema akanong'ona.

“Hapa,” Theonest akasema, na sauti ikatoka bila madaha, “huyu anasema maneno yasiyo yake. Niliyaiba. Ni ya mama mmoja aliyewapigia nzige debe mpaka likatoboka, watoto wake wapate kula. Nikawachekesha watu kwa maneno hayo, na hata jina lake sikuuliza.”

Akakiweka kipaza sauti chini. Nzige wakaendelea kufungua midomo bila neno. Wachache walivua kofia. Wengi walizomea, maana walikuwa wamekuja kucheka, na mawe Nyarugusu hayatafutwi. La kwanza lilimpata Theonest juu ya jicho. La pili lilipasua shuka.

Mkubwa alikuwa ameshaondoka. Bwana wa Sinema aliing'oa beji kwenye kifua cha mkalimani wake, kisha akapiga kelele, “Kuna mtu anayejua kushona hapa?”

“Mimi najua,” Limi akajibu kutoka nyuma. “Hilo silishoni.”

Alimkuta Theonest amekaa kwenye rundo la mawe, viatu vyeupe vimekuwa vyekundu. Akachana upindo wa gauni lake akambandika jichoni.

“Sina kazi,” akasema Theonest.

“Nyarugusu nzima imesikia.”

“Baba yako...”

“Baba atakataa. Pengine mwaka, pengine miwili. Utachimba?”

“Nitachimba. Utanisubiri?”

Limi aliukaza ule upindo jichoni pake. Kule chini mtu mmoja alikuwa anakohoa, anakohoa tu, na Theonest alikitazama kifua chake mwenyewe. Mwanaima alisubiri kwa mbali, karai lake mkononi, kwa mara ya kwanza bila utani.

“Minza,” Limi akasema mwishowe.

“Nani?”

“Mama yangu. Aliitwa Minza.”

“Minza,” Theonest akasema, polepole, kwa sauti ndogo ya mtu anayejifunza kusema. Ndipo Limi akakaa naye juu ya mawe.