Tofali Ndani ya Tangi la Choo

"...tena bomba limekauka kau, jamani, hata tone hakuna!" Msusi akalalamika.

Mteja wa Msusi alikuwa na povu kichwa kizima. Asubuhi tangi la juu ya paa lilijaa. Sasa bomba linakohoa tu. Na Msusi kazi yake huifanya nyumbani; bila maji hakuna kazi.

Akamgeukia wifi yake, dada wa mumewe, anayeishi nao. Akamsema mbele ya mteja, kwamba anaoga kama samaki na mabomba hafungi. Wifi aliingia chumbani, akaanza kukunja nguo. Heri ahame, aliwaza.

Jirani akaleta ndoo ya maji, mteja akasuuzwa. Jirani huyo ni fundi bomba, mtaa mzima unamwita Mama Spana. Akauliza kama choo kina sauti. Msusi akasema kinaimba usiku kucha, wamekizoea. Mama Spana akafunua tangi la choo, akamimina ndani maji yaliyobaki kwenye ndoo, akatazama.

"Tatizo ni boya," akasema.

Wifi akatokeza, mkoba begani. "Hata wewe, mama, unaniita boya, mjinga mimi?"

Mama Spana alicheka hadi akashika ukuta. "Si wewe, mwanangu. Hili linaloelea. Maji yakipanda, nalo hupanda, linafunga maji. Lakini hili limebanwa na tofali. Maji hayakomi kuingia. Yanamwagikia kwenye bomba hili la kati, yanapotelea chooni. Nani kaweka tofali?"

"Mimi," Msusi akasema. "Nilisikia linapunguza matumizi ya maji."

Nia njema, Mama Spana akamwambia, ila tofali humeguka, na mchanga wake huharibu mpira wa chini unaozuia maji. Bora chupa ya plastiki iliyojaa maji, ikae mbali na boya. Msusi akafunga koki ya choo, akatoa tofali, akaweka chupa. Akalisukuma boya kwa kidole. Likapanda, likashuka, laini.

"Wifi, nimekuonea. Nisamehe. Usiende."

Wifi akautua mkoba. Akasema atasamehe vizuri zaidi akishasukwa.

Maji ya bomba yaliporudi, Msusi akafungua koki; tangi la choo likajaa, likanyamaza. Siku iliyofuata wateja wakaoshwa hadi jioni, na maji yakabaki. Simu ikalia. Ni mume, aliyesafiri kikazi, kasikia dada yake anahama.

"Haendi popote," Msusi akasema. "Mengine nitakwambia kesho. Nina kichwa cha mtu kwenye beseni."