Koti la Baba Mkwe

"Debo, usipokee hiyo simu!"

Hardy alipaza sauti kutoka uani, mikono imejaa povu. Kila Jumamosi alimfulia mchumba wake taulo za saluni, pale Isipingo karibu na stendi ya teksi. Lakini Deborah alikuwa ameshaipokea simu hiyo ya Hardy kwa spika, na sauti kutoka Kongo ikajaa chumba kizima.

"Hardy, ni Gadiel wa kwetu. Tume ya ukweli imefika kijijini. Wanataka uwaonyeshe mahali ulimzika Mwalimu Protas na wale wengine. Ni wewe peke yako unajua."

Simu ikakatika Hardy akiingia mbio. Scola, mteja Mtanzania aliyesukwa nusu kichwa, akainama.

Mwalimu Protas ni baba yake Deborah. Tangu vita viwatawanye, hajulikani aliko. Wazee wa Kikongo hapo Durban walimwambia Deborah mjomba apokee dote, yaani mahari, waoane. Alikataa: "Papa atapatikana, atapokea mwenyewe." Hata koti jeusi la kumvika baba mkwe siku ya dote, Hardy alishalinunua. Lilining'inia nyuma ya mlango.

"Ulimzika papa yangu?"

"Ndiyo. Kwa mikono hii. Nilimfunika majani ya migomba, nikamwombea."

"Na miaka yote hii unanisikiliza nikimwombea afya!"

"Siku ya kwanza ulinionyesha picha yake, ukauliza kama nimemwona. Ulikuwa unatabasamu, Debo. Nilishindwa. Halafu nikakupenda, ikawa vigumu zaidi."

"Toka! Muongo wewe!"

Hardy akatoka. Lakini kwanza alianika taulo zote, moja moja, akizinyoosha pembe.

Deborah akaketi sakafuni. Scola akamletea maji, akaketi naye.

"Lia, dada. Kichwa changu kitangoja. Wakinicheka kwenye teksi, nami nitawacheka."

Jioni ujumbe wa Hardy ukaingia: "Cheri wangu, ninaenda. Nikinyamaza, wauaji watasema hakuna mtu alikufa pale. Nikirudi Kongo, karatasi zangu za ukimbizi zimekufa, huku sitarudi tena. Unisamehe."

Akampigia.

"Uko wapi?"

"Kwa stendi. Teksi inajaza."

"Ngoja hapo."

Alimkuta mlangoni mwa teksi, begi moja mkononi. Akamtupia koti kifuani.

"Eish, Debo, unanipa nivae?"

"Si lako, ni la papa. Mpelekee."

Dereva akapiga honi. Abiria mmoja, mama mtu mzima, akamwambia, "Subiri kidogo, mwanangu." Dereva akasubiri. Walikumbatiana, koti katikati yao.

Wiki kadhaa baadaye, simu ya Deborah, kwa video ya moja kwa moja, ikaonyesha mlima, watu wa tume wameshika kofia zao, na udongo mwekundu chini ya migomba. Hardy alikuwa ameshasema yote mbele yao, majina ya wauaji pia. Sasa akapiga magoti, akatandaza koti juu ya kaburi.

"Mwalimu, mimi ni Hardy. Nimekuja kukuomba Deborah awe bibi yangu."

Kwa desturi yao, hapo baba humgeukia binti yake na kumwuliza, "Nipokee?" Bila neno la binti, dote hairuhusiwi kuguswa. Kule mlimani hakukuwa na wa kuuliza.

Deborah akafuta kioo cha simu kwa ncha ya taulo.

"Pokea, papa."

Hardy akaficha uso.

"Usilie mbele ya baba mkwe," Deborah akamwambia, naye akilia. "Na uvae sweta. Huko mlimani iko baridi, na bibi yako iko mbali."