Zimeni Pampu Kwanza

Mimi ni fundi cherehani. Mume wangu ni dereva wa lori. Kukaa mchana kutwa na binti yetu, sote pamoja, ni bahati. Kwa hiyo tulipokwenda likizo kwenye hoteli ya familia, tulifurahi mno.

Binti yetu anapenda maji, tunamwita Bata. Siku ya kwanza tu aliingia bwawani na baba yake. Nywele zake ndefu zilielea huku na huku.

Bata alipiga mbizi. Hakuibuka.

Mume wangu alizama akamkuta chini, nywele zimenaswa kwenye tundu la kufyonzea maji, kifuniko chake kimevunjika. Akavuta. Wapi!

"Usimvute!" Mwanamke mmoja alipiga kelele. Alikuwa mgeni wa chumba cha jirani, mwalimu wa kuogelea. "Zimeni pampu!"

Wahudumu walitazamana.

"Swichi iko wapi?" nikafoka.

"Stoo, mama. Lakini funguo anazo meneja."

Nilinyakua kiti cha chuma, nikakimbilia stoo, nikalipiga kufuli mpaka likaachia. Nikazima. Mngurumo ukakoma, na mume wangu akaibuka na mtoto mikononi. Bata alikohoa, akatapika maji, akalia. Sijawahi kufurahia kilio namna ile.

"Mpelekeni kwa daktari sasa hivi," mwalimu alisema. "Hata kama anaongea. Maji yakiingia kifuani, hali inaweza kubadilika baadaye."

Tulikwenda naye. Daktari alimchunguza, akamweka kwa muda, kisha akaturuhusu. Tuliporudi, nilishikwa na hasira. Pampu ilikuwa inanguruma. Watoto wengine walikuwa wanaogelea!

Meneja alikuja mbio, tabasamu limejaa usoni.

"Poleni sana, mama. Nimewaandalia chakula maalumu."

"Chakula? Lile tundu mmelifunika?"

"Fundi atakuja wiki ijayo. Tusiharibu likizo za watu. Na bango linasema kila mzazi amwangalie mtoto wake."

"Baba yake alikuwa naye majini! Angemwangalia kwa macho mangapi?"

Mume wangu alinishika bega. "Mama Bata, yaishe. Mtoto yu hai."

"Hayajaisha. Wale kule ni watoto wa nani?"

Mwalimu akamgeukia meneja. "Pampu hufyonza maji ili yachujwe. Kifuniko cha tundu kikivunjika, hunasa nywele, hata mkono. Ukimvuta aliyenaswa, unashindana na mashine. Unazima kwanza. Sasa wewe swichi umeifungia stoo."

"Nimesema pole," meneja akanung'unika.

"Pole yako haizimi pampu!" nikamwambia.

Nikasimama ukingoni. Mtaani kwetu husema nina sauti ya kuita basi lililokwisha ondoka. Siku hiyo niliitumia yote. "Wazazi! Toeni watoto! Kifuniko cha tundu kimevunjika, na binti yangu nusura afe hapa!"

Wakatoka wote. Baba mmoja alimuuliza meneja, "Ulijua?" Meneja akageuka aondoke. Wazazi wakamzunguka, hawakumwachia njia mpaka alipompigia simu fundi. Yule fundi wa wiki ijayo akafika jioni ileile.

Bwawa lilifungwa. Kifuniko kipya kilikazwa kwa skrubu. Swichi nyekundu iliwekwa ukutani, karibu na maji, na mwalimu akamfundisha kila mhudumu kuizima. Sasa kifuniko hukaguliwa kila asubuhi kabla ya mtu kuingia, na mwenye nywele ndefu huzifunga au huvaa kofia ya kuogelea.

Siku bwawa lilipofunguliwa, Bata alikataa kuingia. Alikaa kwenye kiti, miguu ameikunja.

"Bwawa sasa ni salama, mama," meneja alisema.

"Bwawa lako limepona," nikamjibu. "Mwanangu bado."

Wakati huo msichana mmoja alipita mbio kuelekea majini, nywele zinapepea. Bata akaruka kutoka kitini, akafoka kuliko mimi:

"We! Rudi hapa! Funga nywele kwanza!"